Popoo, Chokaa na Ugoro: Mate Yanashuhudia Nini?

 



Katika darasa zetu za fiqhi suala la tumbaku halikosi kuulizwa, na siku hizi huulizwa kwa sura mpya. Kuhusu sigara watu wengi wamekwisha kukubali: moshi unaua, na pakiti yenyewe inasema hivyo. Lakini je, yule anayeweka ugoro chini ya mdomo? Je, yule aliyekwenda harusini Mombasa au Unguja akakaribishwa tambuu kwenye sinia? Hakuna moshi, hakuna ulevi, na mabibi walitafuna miaka yote bila kuulizwa na mtu. Muulizaji anataka neno moja tu, halali au haramu, aende zake.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si mwanafunzi wa tiba. Hata hivyo tumefundishwa katika usuli kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Suala hili lote linazunguka neno dharar, yaani madhara, na madhara hayathibitishwi kwa sauti kubwa ya mhadhiri. Yanathibitishwa na wale wanaojua mwili. Kwa hiyo somo la leo litakwenda kwanza maabara, kisha ndipo lirudi msikitini. Tutaangalia jinsi saratani ya kinywa inavyoanza, na hasa zile alama zinazopatikana kwenye mate na damu ambazo wataalamu huziita viashiria vya mkazo wa oksidisho. Jina ni zito, ila jambo lenyewe utaliona jikoni kwako.

KUTU NA MAWESE

Tazama bati la nyumba kuukuu iliyo karibu na ziwa. Limeliwa na kutu. Chuma kimekutana na oksijeni na unyevu, kikageuka kitu kingine. Sasa chukua chupa ya mawese, iache wazi juani majuma kadhaa. Harufu inageuka na ladha inakwaruza koo: mafuta yamechacha. Hiyo nayo ni kazi ya oksijeni. Kitendo hicho cha oksijeni kukila kitu ndicho oksidisho, na mwili wetu, ambao una mafuta katika kuta za kila seli, haukuachwa nje ya kanuni hiyo.

Kiini chake ni elektroni. Katika molekuli iliyotulia, elektroni hukaa mbilimbili. Molekuli inayobaki na elektroni isiyo na mwenzi huitwa radikali huru, nayo haina subira: hunyang'anya elektroni kwa jirani, na jirani aliyenyang'anywa naye anakuwa mnyang'anyi. Moto unapita hivyo kutoka molekuli moja hadi nyingine mpaka ukutane na kitu cha kuuzima. Pamoja na radikali hizo wapo ndugu zao kama haidrojeni peroksaidi, ambayo yenyewe si radikali, lakini ikikutana na chuma au shaba huzaa radikali ya hidroksili, kali kuliko zote.

Usidhani oksidisho ni adui aliyeingia kutoka nje. Kila seli ina mitokondria, majiko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu kwa kutumia oksijeni, na kama jiko lolote yanatoa cheche. Chembe nyeupe za damu nazo hutengeneza radikali kwa makusudi ili kuua vijidudu. Mwenyezi Mungu ameumba pia wazimaji wake. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich waligundua kimeng'enya kinachoitwa supaoksaidi dismutesi, ambacho kazi yake ni kuikamata radikali ya supaoksaidi na kuigeuza haidrojeni peroksaidi. Baada yake huja katalesi inayoivunja peroksaidi hiyo kuwa maji na oksijeni. Ipo glutathioni, ambayo hujitoa yenyewe ioksidishwe badala ya seli. Zipo pia vitamini C na E tunazozipata katika chakula. Cheche na wazimaji wakiwa sawa, mtu anaishi kwa afya. Cheche zikizidi wazimaji, hali hiyo ndiyo mkazo wa oksidisho, istilahi ambayo Mjerumani Helmut Sies aliifafanua mwaka 1985. Kwa lugha yetu ni suala la mizani.

WANAWAKE WATANO WA KENYA

Wengi hudhani habari za popoo na saratani ni za India na Taiwan peke yake. Kumbe mwanzo wa kuandikwa kwake kitabibu umepitia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz alieleza ugonjwa aliouona katika vinywa vya wanawake watano wa Kihindi waliokuwa Kenya. Ngozi laini ya ndani ya mdomo ilikuwa imepauka na kukakamaa. Mgonjwa wa namna hii huanza kwa kuungua mdomo akila pilipili, kisha shavu linakuwa gumu kama limeshonwa kwa ndani, na mwishowe kinywa hakifunguki hata kuingiza vidole viwili. Schwartz aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini lenye neno linalomaanisha kwamba sababu yake haijulikani. Leo inajulikana. Ni popoo. Na ugonjwa huo, ambao sasa huhesabiwa miongoni mwa hali zinazotangulia saratani, kwa baadhi ya wagonjwa huishia kuwa saratani kamili.

Popoo ni kokwa ya mpopoo, mti wa jamii ya minazi. Katika tambuu hukatwa vipande, ikawekwa kwenye jani la mtambuu lililopakwa chokaa, ikaongezwa katu, na wengine hutia tumbaku. Desturi hii ni kongwe pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, miongoni mwa heshima za kwanza alizofanyiwa ni kuletewa sinia la majani ya tambuu na popoo, ambayo kwa Kiarabu huitwa faufal. Alikuwa mwanachuoni wa Kimaliki, na hakuona ubaya wa kuipokea. Sisi hapa Kamembe hatuna sana desturi hiyo, ila mwenye jamaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ataifahamu, na siku hizi popoo iliyosagwa na kuchanganywa na tumbaku inasafiri mbali kwa kuwa imewekwa katika vipakiti vidogo vya rangi, rahisi kuingia mfuko wa mwanafunzi.

Sasa angalia kinachotokea mdomoni. Popoo ina polifenoli, kemikali za jamii ileile inayopatikana katika chai, ambazo kwa kawaida tunaambiwa ni nzuri. Lakini chokaa hugeuza mate kuwa na ualkali mkali, na katika hali hiyo polifenoli za popoo huoksidika zenyewe na kutoa supaoksaidi na haidrojeni peroksaidi papo hapo, shavuni. Popoo ina shaba nyingi pia, na tumekwisha kusema shaba hufanya nini ikikutana na peroksaidi. Zaidi ya hayo imo arekolini, inayozisukuma seli za shavu zitengeneze nyuzi nyingi kupita kiasi, na shaba husaidia nyuzi hizo zishikamane zisiyeyuke. Ndiyo maana shavu linakakamaa.

Je, haya yamethibitika katika mdomo wa mtu, au ni ya kwenye chupa za maabara tu? Hapa kuna jaribio moja ambalo mimi nimelipenda kwa wepesi wake. Mwaka 1995 Urmila Nair na wenzake walichapisha matokeo ya kazi hii: waliwapa watafunaji tambuu iliyotiwa fenilalanini, kitu cha kawaida kinachopatikana katika protini ya chakula. Fenilalanini ikigongwa na radikali ya hidroksili hugeuka kuwa aina fulani za tirosini ambazo mwili hauna kawaida ya kuzitengeneza. Wakakusanya mate, wakapima, wakazikuta. Radikali yenyewe haionekani, inakufa kabla hujapepesa jicho. Lakini imeacha nyayo. Aliyesoma namna wachungaji wa jangwani walivyokuwa wakitambua msafiri kwa nyayo zake atalielewa jaribio hili kuliko mimi.

Nyayo nyingine ziko Papua New Guinea, ambako watu hutafuna popoo lakini chokaa huipaka pembeni ya mdomo kwa kijiti. Mwaka 1992 Thomas na MacLennan walionyesha kwamba saratani za wagonjwa huko zilikuwa nyingi zaidi pembeni ya mdomo na shavuni, yaani palepale panapopakwa chokaa. Ramani ya ugonjwa na ramani ya desturi zimelingana.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani na makao yake ni Lyon, Ufaransa, lilikuwa mwaka 1985 limeitangaza tambuu yenye tumbaku kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Watu wakasema: basi shida ni tumbaku, popoo haina kosa. Ripoti ya 2004 ikafunga mlango huo: tambuu isiyo na tumbaku nayo inasababisha saratani ya kinywa, na popoo yenyewe ikaingizwa katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umetosha.

MASHAHIDI KATIKA MATE

Tuje kwenye viashiria vyenyewe. Wa kwanza ni malondialdehaidi. Mafuta ya ukuta wa seli yakioksidika huvunjika, na kimojawapo cha vipande vyake ni hiki. Ukikichanganya na kemikali iitwayo asidi ya thiobarbituriki na kukipasha moto, hutokea rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo mafuta mengi yalivyooksidika. Ni kipimo kilekile ambacho wataalamu wa vyakula hukitumia kujua kama mafuta au nyama vimechacha. Kwa maneno mengine, mawese yetu ya pale juu na shavu la mvutaji vinapimwa kwa mizani moja.

Wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu anatoka katika vinasaba. Maandishi ya vinasaba yana herufi nne, na moja, guanini, ndiyo inayooksidika kwa urahisi kuliko wenzake. Ikioksidika huwa kitu kinachoandikwa kwa ufupi 8-OHdG kinapokutwa kwenye mate, damu au mkojo. Ubaya wa guanini iliyooksidika ni kwamba wakati seli inapojinakili, herufi hiyo huweza kusomwa vibaya: badala ya kuunganishwa na sitosini, inaunganishwa na adenini. Nakala inayofuata inakuwa na herufi nyingine kabisa. Wanaohifadhi Qur'ani wanajua herufi moja ikibadilika mahali fulani maana inaweza kupinduka. Mara nyingi seli hugundua kosa na kulisahihisha, kwa kuwa imepewa vimeng'enya vya kazi hiyo. Lakini kosa likiponyoka na likaangukia katika kinasaba kama p53, ambacho ni mlinzi wa kuisimamisha seli mbovu isizaliane, mlinzi ameondolewa mlangoni. Saratani nyingi za kinywa hukutwa na p53 iliyoharibika. Si kazi ya siku moja. Ni makosa yanayolimbikizana kwa miaka, na ndiyo sababu bibi aliyetafuna miaka ishirini bila tatizo si hoja.

Wapo mashahidi wengine wa uharibifu, kama protini zilizooksidika. Na wapo mashahidi wa kinyume, wale wazimaji ambao idadi yao hupungua. Katika mate mzimaji mkubwa, huenda ukashangaa, ni asidi ya uriki, ileile inayosababisha ugonjwa wa jongo ikizidi mwilini. Tafiti nyingi, hasa za India, zimelinganisha watu wenye afya, watu wenye madoa meupe au ukakamavu wa mdomo, na watu wenye saratani. Sura inayojitokeza kwa ujumla ni hii: malondialdehaidi hupanda kutoka kundi la kwanza hadi la mwisho, 8-OHdG hupanda, glutathioni na nguvu ya jumla ya wazimaji hushuka. Kwa supaoksaidi dismutesi matokeo hayakubaliani; kuna waliokuta imeshuka na waliokuta imepanda, kwa sababu seli iliyoshambuliwa huweza kuongeza wazimaji kabla ya kuzidiwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa usuli anapokuwa na la kusema. Tunafundishwa kutofautisha sababu na alama. Jua linapopinduka, swala ya adhuhuri inaingia. Lakini wanausuli wengi wanaeleza kwamba kupinduka kwa jua hakuumbi wajibu, ni alama iliyowekwa na Mwenye sheria ili tujue wajibu umefika. Basi malondialdehaidi katika mate ya mgonjwa ni nini? Inawezekana oksidisho ndilo lililoleta saratani. Inawezekana saratani ndiyo iliyoleta oksidisho, kwa maana uvimbe wenyewe na uvimbe-uchungu unaouzunguka hutoa radikali nyingi. Inawezekana pia jambo la tatu limeleta yote mawili: mvutaji anapandisha malondialdehaidi kwa moshi tu, na mtu mwenye ugonjwa wa fizi anaipandisha bila kuwa na saratani hata kidogo. Kumpima mtu aliyekwisha kuugua hakutenganishi haya matatu.

Kwa hiyo shahidi huyu tumpokee kwa kile alichokiona tu. Ameona mafuta yakiungua. Hakumuona aliyewasha moto. Kinachotufanya tuseme kwamba oksidisho ni sehemu ya sababu ni kuungana kwa mashahidi kadhaa wasiofahamiana: kemia ya popoo na chokaa, nyayo za tirosini katika mate, kosa la kusoma guanini, ramani ya Papua New Guinea, na hesabu za wagonjwa miongoni mwa watafunaji na wasiotafuna. Mmoja peke yake ni dhana. Wakikusanyika wanakaribia tawatur. Na kwa sababu hiyohiyo hakuna kipimo cha mate cha malondialdehaidi au 8-OHdG kinachotumika hospitalini kumwambia mtu una saratani au huna. Ukikutana na mtu anayeuza kipimo cha namna hiyo, hifadhi pesa yako. Saratani ya kinywa bado inathibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukiangalia kwa hadubini.

UGORO, SIGARA NA POMBE

Kwetu upande huu wa Rusizi ugoro, au ubugoro kama majirani zetu wasemavyo kwa Kinyarwanda, ni jambo la karibu zaidi kuliko tambuu. Sitaki kuudanganya umma kwamba njia yake ni ileile. Radikali zimo, lakini mshtakiwa mkuu katika tumbaku isiyo na moshi ni kundi la kemikali ziitwazo nitrosamini, zinazotokea majani yanapokaushwa na kuchachushwa. Mwili ukizishughulikia, hujibandika kwenye vinasaba moja kwa moja. Hata hivyo angalia jinsi ualkali unavyorudi: katika nchi nyingi za Afrika ugoro huchanganywa na magadi au majivu ili nikotini ipenye haraka. Wasudani wana tumbaku yao iitwayo tumbak, ambayo hutiwa magadi ya aina yao waiitayo atron, na imepimwa ikakutwa na nitrosamini kwa viwango vya juu mno kuliko tumbaku za kutafuna za Ulaya. Sudan ni nchi ya Waislamu, pombe ni kidogo, na wanaume wengi hawavuti. Lakini saratani ya kinywa ipo, na hukaa mara nyingi palepale mtu anapoweka kidonge chake cha tumbak. Hoja ya kwamba haina moshi inaishia hapo.

Sigara nitaipitia haraka kwa kuwa inajulikana: pumzi moja ya moshi hubeba radikali zaidi ya trilioni mia moja. Shisha ni moshi uleule uliopitishwa kwenye maji, na Rwanda iliipiga marufuku Desemba 2017. Pombe iliingizwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Hugeuka kuwa asetaldehaidi mdomoni humohumo kwa msaada wa bakteria, na ikichanganywa na tumbaku hatari haijumlishwi, inazidishwa. Hukumu yake kwetu haikungoja maabara.

VIDONGE VYA KUZIMA MOTO?

Mtu akisikia haya haraka husema: kama shida ni radikali, basi nitameza vitamini na kuendelea na ugoro wangu. Wauzaji wa dawa za virutubisho wanalipenda sana neno hilo, na kwenye simu zetu matangazo yao hayaishi.

Jambo hilo limejaribiwa kwa watu wengi na matokeo yake yanatisha. Finland walichukua wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini, kizimaji kinachotokana na rangi ya karoti. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani walikuwa na jaribio linalofanana, la watu zaidi ya 18,000, wakalazimika kulisimamisha mwaka 1996 kabla ya muda wake kwa sababu hiyohiyo. Maelezo mojawapo ni kwamba seli ya saratani nayo ina mitokondria na cheche, nayo inahitaji wazimaji ili iishi. Ukiongeza wazimaji kwa vidonge, hujui unamsaidia nani. Hayo yalihusu mapafu na wavutaji, sio kinywa. Ila yanatosha kumnyamazisha anayeuza kinga kwenye chupa.

Chakula ni habari nyingine. Wanaokula matunda na mboga za kutosha wana saratani ya kinywa kwa kiasi kidogo kuliko wasiokula, na lengalenga, sombe, nyanya na maparachichi ya soko la Kamembe hayahitaji tangazo. Lakini hata hayo hayamhalalishii mtu ugoro.

Na mswaki wa mti? Sunna yake ni kubwa na inatutosha kama sunna. Katika maabara umeonyesha uwezo wa kuua bakteria na kuzima radikali. Kutoka hapo kwenda kusema kwamba mswaki unakinga saratani ni kuruka mto usio na daraja, na tusiifanyie dini yetu matangazo ambayo haikuyaomba.

TUKIRUDI KWENYE FIQHI

Tumbaku ilipoingia nchi za Kiislamu mwanzoni mwa karne ya 17, wanachuoni waligawanyika hata ndani ya madhehebu moja. Pale Misri, Ibrahim al-Laqani, Mmaliki, aliiharamisha. Ali al-Ajhuri, Mmaliki mwenzake wa zama zilezile, aliihalalisha kwa asiyedhuriwa nayo. Baadaye Abd al-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala nzima ya kuitetea. Baadhi ya vijana wetu hulichukua jina la an-Nabulsi kama ngao. Lakini soma hoja ya kundi lake ilivyojengwa: asili ya vitu ni uhalali, na madhara ya jumla hayajathibiti, anayedhurika yeye binafsi aache. Yaani hawakusema madhara yanaruhusiwa. Walisema hawakuyaona. Na wangeyaonaje? Ugonjwa unaochukua miaka ishirini, unaoanza na herufi moja ya kinasaba, hauonekani kwa jicho la mtu anayemtazama jirani yake akivuta barazani. Ule ukweli waliokuwa wameuwekea sharti sasa umekuja, na ndiyo maana wanachuoni wengi wa zama zetu, wakiwemo wa al-Azhar, wameegemea uharamu, wakitegemea katazo la Suratul Baqara aya ya 195 la mtu kujiingiza katika maangamizi na kanuni ya Hadithi ya kutodhuru na kutodhuriana.

Mimi si mufti. Ninachokiona ni kwamba tofauti ya zamani ilikuwa juu ya tahqiqul manat, yaani kuthibitisha kama maelezo ya hukumu yapo katika kitu hiki, na si juu ya hukumu ya madhara yenyewe. Popoo inaingia mlango huohuo, na kwangu hoja yake ina nguvu kuliko watu wa pwani wanavyopenda kusikia. Ibn Battuta alipokea sinia lile kwa nia njema katika wakati wake. Anayelipokea leo akiwa ameshajua, hali yake si ile ya Ibn Battuta.

KINYWA CHAKO LEO

Mwaka 2020 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 377,000 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo karibu 177,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na kuchelewa, na jambo hili linachosha kulieleza kwa sababu kinywa ni kiungo ambacho kila mtu anaweza kukiangalia kwa kioo na tochi ya simu.

Siku ya Ijumaa unapojitayarisha, geuza mdomo wa chini, vuta shavu moja kisha la pili, toa ulimi na uangalie pembeni zake na chini yake. Unachotafuta ni kidonda kisichopona baada ya wiki mbili, doa jeupe lisilofutika, doa jekundu linalong'aa (hili jekundu ndilo la hatari zaidi, ingawa mara nyingi haliumi), uvimbe mgumu, ganzi, au kinywa kinachozidi kuwa kigumu kufunguka. Kidonda kisichouma kisikufariji. Maumivu huja yamechelewa.

Ukiona lolote kati ya hayo, anza kituo cha afya ukiwa na mituweli yako, kwa sababu ukiruka ngazi bima haitalipa. Kituo kitakuandikia rufaa kwenda hospitali, kwa sisi wa Kamembe ni Gihundwe, na kutoka hapo, ikihitajika kukatwa kipande na kupimwa, utapelekwa mbele. Butaro, kule Burera, ina kituo cha saratani tangu 2012, na tiba ya mionzi inapatikana Kigali katika hospitali ya jeshi tangu 2019, ambapo zamani mgonjwa ilimlazimu kwenda nje ya nchi. Akina dada waliochanjwa shuleni dhidi ya kirusi cha papiloma, chanjo ambayo Rwanda iliianza kwa taifa zima mwaka 2011, walichanjwa kwa ajili ya saratani ya shingo ya kizazi. Kirusi hichohicho husababisha pia baadhi ya saratani za koo, nyuma ya kinywa.

Anayetumia ugoro au sigara akitaka kuacha, mwezi wa Ramadhani umeshampa nusu ya kazi: masaa kumi na matatu kila siku mwili wake umeweza. Kinachobaki ni saa za usiku baada ya futari, na hizo ndizo ngumu, hivyo asibaki peke yake baada ya tarawehe. Alama za oksidisho katika mate na damu hupungua mtu anapoacha, na hatari ya saratani ya kinywa hushuka mwaka baada ya mwaka. Kwa popoo, ukakamavu wa shavu uliokwisha kuingia haurudi nyuma kwa kuacha tu. Mwenye nao aonwe na daktari hata kama ameacha zamani.